Ukweli Alioupeleka Baba Likoni

Mwaka niliokula kuliko mtu yeyote nyumbani ndio mwaka niliokonda. Mama alinipakulia wali wa nazi, nikimaliza akaniongeza, na nikimaliza tena niliinuka mwenyewe kwenda kukwangua ukoko chunguni. Mwanzoni alifurahi. Aliwaambia majirani kuwa kazi ya kuendesha foklifti inataka mtu ale. Lakini suruali zilianza kunivuka. Nilitoboa tundu jipya kwenye mshipi, halafu jingine, na siku moja mama alinishika kifundo cha mkono akaona vidole vyake vinakutana na kupitana. Aliuachia mkono wangu polepole, kama mtu aliyeshika kitu cha wenyewe bila ruhusa.

Tulikaa Bombolulu, ndani kidogo kutoka barabara ya Malindi. Baba alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba: nguzo nne, mabati, na meza ya kazi iliyojaa vumbi la mbao. Ni mtu wa Kaloleni aliyeshuka Mombasa kijana, akajifunza kazi kwa kuwabebea mafundi wengine mbao. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na mtaani alijulikana kwa jambo moja, kwamba hasemi uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mteja. Ukimwuliza kama kitanda kitakuwa tayari Jumamosi na akaona hakitakuwa, alikuambia hakitakuwa, ukitaka kwenda kwa fundi mwingine uende. Wengi walikwenda. Baadaye walirudi.

Mimi ni mtoto wa pili. Wa kwanza, kaka yangu, alikufa kwa unga, ile heroini iliyokula vijana wengi wa huku kwetu Kisauni. Sijui alianza lini. Ninachokumbuka ni randa ya baba kupotea, kisha drili, kisha redio ya mama, na kaka akiapa huku jasho likimtiririka kuwa hajui lolote. Baba alimwamini. Alimwamini mara nyingi mno. Walimkuta nyuma ya ukuta wa shule, amejikunja kama aliyelala, na jeneza lake baba alilichonga mwenyewe, hakutaka msaidizi. Tangu hapo hakuna neno lililoogopwa nyumbani kwetu kama neno unga. Hata ule wa kusongea sima, mama aliuita sembe.

Ndiyo maana siwezi kumlaumu baba kwa alichokiona. Aliona kijana wake wa pili anakonda. Aliona mikono inatetemeka nikishika kikombe, chai inamwagika kwenye kisahani. Aliona jasho wakati wengine wamejifunika shuka, macho yaliyotoka nje kama ya mtu aliyeshtuliwa, maneno yanayotoka mbio, hasira zisizokuwa na mwanzo. Alinisikia nikitembea uani watu wakiwa wamelala, kwa sababu kitanda kilinichoma nikaona heri sakafu, na sakafu nayo ikashika joto. Yote hayo aliyaona mara moja kabla, na mwisho wake aliujua.

Asichokijua ni moyo. Huo niliusikia mwenyewe tu. Nikilala kwa ubavu wa kushoto niliusikia ndani ya mto, unakwenda mbio kama mtu anayefukuzwa, halafu unajikwaa, unanyamaza kidogo, unaanza tena kwa kishindo. Nilidhani ni harusi. Nilikuwa na mchumba Likoni, mwalimu wa watoto wadogo, niliyekutana naye kwenye kongamano la kwaya. Wazee wangu walikuwa wamekwenda kwao kujitambulisha, wakapokewa vizuri, na ilibaki kurudi kwa posa. Nilijiambia kuwa kila mwanamume moyo humwenda mbio akikaribia kuoa. Nikaona haya kumwuliza mtu.

Asubuhi moja nilitoka kwenda kazini nikakuta kufuli jipya kwenye sanduku la vifaa vya baba. Yeye alikuwa anapiga randa ubao, kichwa chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Umefunga sanduku?"

"Nimefunga."

"Kuna mtu amekuibia?"

Randa ilikwenda na kurudi. "Bado," alisema.

Neno lile moja lilinikaa kifuani njia nzima hadi Changamwe.

Kazi yangu ilikuwa kwenye godauni la vigae na sementi. Nilipenda ile foklifti. Nilikuwa na sifa ya mkono mwepesi. Niliweza kuingiza meno ya mashine chini ya mzigo bila kugusa mbao za pembeni. Mwaka ule mkono ulianza kunisaliti. Mizigo iligonga mizigo. Wenzangu walicheka, wakaniambia, "Punguza muguka, ndugu yetu." Majani hayo sijawahi kuyatafuna, lakini nilicheka nao, kwa kuwa kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza nisichokijua. Mpaka siku niliyoinua vigae nikavipeleka juu, mkono ukaruka, na mzigo mzima ukashuka chini kwa mlio uliomfanya kila mtu aache alichokuwa akifanya.

Msimamizi alikuja. Hakupiga kelele. Alisema, "Hebu nyoosha mikono mbele."

Nikanyoosha. Vidole vilicheza vyenyewe.

"Shuka," akasema. "Ukiwa sawa utanitafuta."

Nikarudi nyumbani mchana kweupe, na mtu wa kwanza aliyeniona nikiingia alikuwa baba.

Alinikalisha sebuleni, mama akiwepo. Aliniuliza moja kwa moja, kama alivyouliza kila kitu.

"Unatumia?"

"Situmii, baba. Haki ya Mungu sijagusa."

"Nduguyo aliapa hivyo hivyo. Akiwa amekaa hapo hapo ulipokaa."

"Mimi si yeye."

"Nyoosha mikono."

Ilikuwa mara ya pili siku ile. Niliinuka nikamwambia maneno ambayo kijana hamwambii babake, kwa sauti iliyowafanya majirani wasimamishe shughuli zao. Nilisikia ile sauti kama ya mtu mwingine. Hasira ilipanda kwa kasi ile ile ya moyo, na sikuwa na breki ya kuizuia. Mama alinivuta shati, akasema, "Mwanangu, mwanangu." Baba alinitazama mpaka nikamaliza. Nadhani ni zile kelele zilizomhakikishia. Kaka naye alikuwa mpole mpaka unga ulipomfanya asiwe mpole.

Wiki ile ile, siku ya kazi, baba alivaa koti lake la kanisani akatoka bila kusema anakwenda wapi. Jioni simu yangu ililia. Alikuwa mchumba wangu, na kwanza sikumwelewa kwa kilio.

"Babako ametoka hapa sasa hivi," alisema.

"Baba? Huko Likoni? Amekuja kufanya nini?"

"Ametuambia unatumia unga."

Alinieleza yote. Baba alifika, akaamkiana na wazee wake vizuri, akakataa chai mpaka aseme kilichomleta. Akawaambia kwamba walipokea ugeni wake kwa heshima, na kwamba yeye akinyamaza atakuwa amewauzia mbuzi kwenye gunia. Akasema, "Nimemzika mmoja. Huyu naona anaifuata njia ile ile. Binti yenu ni mtoto wa watu, sitaki aje kulilia nyumbani kwangu." Kisha akaomba radhi, akanywa ile chai kwa adabu, akaondoka kuirudia feri.

"Ni kweli?" aliniuliza.

"Si kweli."

"Babako hasemi uongo. Wewe mwenyewe uliniambia."

Nilimngojea baba barabarani. Alipofika nilimwuliza kwa nini. Nilitaraji hasira, au aibu, lakini alikuwa amechoka tu. Alionekana mdogo ndani ya lile koti.

"Ningekuwa na binti," alisema, "ningetaka mtu aje aniambie."

Nililala nyumbani usiku ule mmoja tu. Kesho yake nilifunga nguo nikahamia upande wa pili wa mji, Port Reitz, nikapanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Mama alinipigia simu kila siku. Baba hakupiga, nami sikumtaka apige.

Kule nilifanya kibarua cha kupakua malori, na hapo ndipo mwili ulipoanza kukataa. Kwanza pumzi. Nilibeba gunia moja nikatua kupumua kama mzee. Kisha miguu, jioni nilivua viatu nikaona alama za kamba zimechimba ngozi, na nikibonyeza kidole, shimo linabaki. Kisha nikashindwa kulala chali. Nikijinyoosha nilihisi maji yananipanda kifuani, kwa hiyo nililala nimekaa, mgongo ukutani, mito miwili nyuma. Na njaa, ile njaa ya ajabu, ikaniacha ghafla siku moja, kama taa iliyozimwa.

Jirani wa chumba cha pili alikuwa mama mmoja kutoka bara, aliyefanya usafi uwanja wa ndege. Alinikuta kwenye bomba la maji nimeshika ukuta.

"Wewe, uko sawa kweli?" aliniuliza.

"Niko sawa, mama. Ni kifua tu."

"Hicho si kifua. Naona shingo yako inaruka."

Nilijigusa. Mshipa wa shingoni ulikuwa unapiga kama kitu kilichofungiwa ndani kinataka kutoka.

Hata hivyo sikwenda hospitali. Nilikuwa nimeshaambiwa na kila mtu mimi ni nani, na niliogopa kuingia mbele ya daktari akanitazama kwa macho yale yale. Basi nikangoja, mpaka kifua kikashika homa. Kikohozi kilianza Jumapili, na baada ya hapo nakumbuka vipande vipande: shuka imelowa, dari inasogea, mimi nazungumza na kaka, namwambia arudishe ile redio. Jirani anasema nilikuwa nikipiga kelele. Alivunja kitasa cha mlango kwa jiwe, akamwita mwenye tuktuk, wakanipeleka hospitali iliyokuwa karibu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini. Nilipopata fahamu za kutosha kumjibu aliniuliza kama natumia kitu chochote. Nikasema hapana, kisha nikaanza kuapa, na yeye akaniwekea mkono begani.

"Usiape. Mimi nauliza tu. Meza mate."

"Nini?"

"Meza mate, nikuone."

Nikameza. Alikuwa ananitazama kooni. Akazunguka nyuma yangu, akaweka vidole vyake pande zote mbili za shingo, akaniambia nimeze tena. Kisha akaweka kile chombo chake cha kusikilizia, si kifuani, bali pale pale kooni, akasikiliza kwa makini.

"Rovu hili limeanza lini?"

Sikujua kuwa nina rovu, uvimbe wa koo. Nilikuwa nimeona kola za mashati zinanibana, nikashangaa, maana kila mahali pengine nilikuwa nimepungua.

Baadaye, homa iliposhuka, alinieleza taratibu. Mbele ya koo kuna tezi ndogo, wao huiita thairoidi, kazi yake ni kuuambia mwili uende kasi gani. Yangu ilikuwa imepotoka, inauchapa mwili bila kupumzika, na anayechapwa zaidi ya wote ni moyo. Vyumba vya juu vya moyo vilikuwa vimeacha kupiga. Vilikuwa vinatetemeka tu, kama mikono yangu. Misuli ya moyo ilikuwa imechoka na kutanuka, maji yakarudi mapafuni na miguuni. Homa ile ya kifua ndiyo iliyowasha moto wa mwisho. Alisema wagonjwa wengine wakifika hali ile hawatoki. Alinipa dawa za kuituliza tezi, za kuupunguzia moyo mbio, za kutoa maji, na nyingine za kufanya damu isigande ndani ya moyo uliolegea.

"Na mikono?" nilimwuliza. "Na hasira? Kukosa usingizi?"

"Yote ni tezi."

"Kukonda?"

"Tezi."

Niligeuka ukutani nikalia. Sikulia kwa sababu ya ugonjwa. Nililia kwa kuwa kulikuwa na jina.

Mama alipopata habari alikuja, na baba nyuma yake. Alikuwa amevaa lile koti. Alisimama miguuni pa kitanda, hakukaa. Nilikuwa na waya kifuani na mashine kando yangu inachora mapigo, mistari iliyopanda na kushuka bila mpango. Daktari alimweleza kama alivyonieleza mimi. Baba alisikiliza kama anavyosikiliza mteja anayetaja vipimo, bila kumkatiza. Alipomaliza, aliuliza swali moja.

"Kwa hivyo si unga?"

"Si unga, mzee. Tumempima. Hana chochote."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Huyu ameumwa zaidi ya mwaka."

"Na kama mngemwona mwaka jana?"

Daktari alisita. Ningependa angemdanganya, lakini naye alikuwa mtu wa aina ya baba. "Mwaka jana moyo ulikuwa haujatanuka hivi," alisema. "Pengine ungerudi ulivyokuwa. Sasa tutaona."

Baba alitikisa kichwa. Alinyoosha mkono, akaushika mguu wangu juu ya shuka, ule mguu uliovimba, akauacha mkono pale. Kisha akamwambia mama, "Twende."

"Twende wapi? Ndiyo kwanza tumefika."

"Likoni."

Mama ndiye aliyenisimulia mengine, kwa kuwa alimfuata. Walishuka kwenye feri, wakapanda mpaka kwa wale wazee, na safari hii pia baba alikataa chai mpaka aseme. Alisema alikuja mara ya kwanza na jambo aliloamini kuwa kweli, na kumbe halikuwa kweli. Kijana ni mgonjwa wa moyo, ugonjwa umetoka shingoni, hajagusa unga maishani mwake. Akasema, "Mimi ndiye niliyemharibia jina. Naomba mlirudishe."

Mjomba wa binti, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wao, alisema kwa upole, "Mzee, ulipokuja kwanza tulikuamini kwa sababu tunakujua. Sasa umekuja tena, na tunakujua vile vile. Lakini huyu binti ameshaposwa. Wenye posa walikuja, wakatupa heshima zao, tukawapokea. Hata tukikuamini, tutawaambiaje?"

Mama alisema baba hakubishana. Alikunywa chai. Walipofika kwenye feri alisimama kwenye vyuma vya ubavuni njia nzima, na mama alipomwambia ashike vizuri, hakumsikia.

Binti alikuja kuniona mara moja. Alikuja na shangazi yake, akaleta machungwa, akakaa kwenye ubao wa kitanda cha jirani kilichokuwa kitupu. Nilikuwa nimeanza kupata nafuu. Mikono ilikuwa imetulia. Aliitazama ile mikono.

"Ungeniambia unaumwa," alisema.

"Sikujua kama naumwa. Nilikuambia situmii."

"Ulikuwa unaniambia huku unatetemeka."

Alimenya chungwa akanipa nusu, akala nusu. Shangazi alitoka nje kutupa maganda, akakawia kurudi, akatuachia nafasi, lakini hatukuitumia. Tuliongea juu ya watoto wa darasa lake. Alipoinuka alisema, "Mungu akuponye," na alikuwa anasema kweli, nilimwona machoni. Harusi yake ilifanyika kabla ya Krismasi. Nilisikia kwaya yetu ya zamani ndiyo iliyoimba.

Nilirudi Bombolulu. Hakuna aliyeniambia nirudi. Baba alikuja siku ya kutoka hospitali na gari la kubebea mbao la rafiki yake, akabeba begi langu, na mimi nikapanda. Tezi ilitii dawa baada ya miezi mingi. Nilinenepa, macho yakarudi ndani ingawa si kabisa, na usingizi ukanirudia kama mgeni aliyepotea njia. Moyo haukurudi wote. Mpaka leo unakwenda kwa mdundo wake, haufuati mpango. Nikibeba kizito, unanikumbusha. Foklifti sikuiendesha tena. Kampuni haikumtaka mtu ambaye huenda akazimia juu ya mashine, na sikuwalaumu. Nilijifunza kazi nyepesi za karakana, kupiga msasa na kupaka vanishi, nimekaa kwenye kigoda karibu na baba.

Yeye alijiuzulu uzee wa kanisa. Kasisi alikuja nyumbani kumsihi, akamwambia kila mtu alijua alikusudia mema. Baba alimjibu, "Nilisimama mbele za watu nikamshuhudia mwanangu jambo asilolitenda. Mzee wa kanisa hafanyi hivyo." Kasisi akasema hakuwa na njia ya kujua. Baba akasema, "Nilikuwa na njia. Ningempeleka hospitali kabla ya kwenda Likoni. Feri ni mbali kuliko hospitali."

Nilijaribu mara kadhaa kumtua mzigo ule. Siku moja, tunaunganisha kabati, nilimwambia, "Baba, yaishe. Hata mimi nisingejiamini."

Aliweka patasi chini. "Ningekuwa nimesema uongo," alisema, "ningetubu yakaisha. Lakini nilisema nilichokiamini. Hicho nitakitubuje?"

Tuliendelea na kabati.

Miaka ikapita hivyo, tukifanya kazi bega kwa bega, tukizungumza juu ya mbao na bei za gundi na mvua. Majuto yake sikuyaweza. Yalikuwa mle ndani kama fundo kwenye ubao, ambalo fundi hulipitia randa kwa uangalifu kwa kuwa analijua lilipo. Nilifikiri atakufa nayo. Kumbe nayo yangemwacha kwa njia nyingine, na nisingefurahi.

Mwaka jana baba alianza kusahau. Kwanza vipimo, yeye aliyekuwa akikata mlango kwa kukumbuka tu. Kisha njia ya kanisani. Daktari alisema ni uzee wa ubongo, na kwamba mambo ya karibu hutangulia kuondoka, ya zamani hubaki. Jioni moja nilikuwa namvalisha sweta, akanishika mkono, akanitazama kwa furaha ambayo nilikuwa sijaiona kwa miaka.

"Yule binti wa Likoni," alisema. "Tunarudi kwao lini?"

Sikujiandaa. Nilimwambia kweli. Nilimwambia taratibu, kwamba aliolewa zamani, kwamba tulitengana nilipougua.

"Ulitenganaje naye? Alikukosea nini?"

Nikamwambia na hilo pia, kwa sababu nimelelewa na yeye. Nilimwona akilipokea. Uso uliporomoka palepale mbele yangu, upya kabisa, kama siku ile miguuni pa kitanda. Alilia kwa sauti mpaka mama akatoka jikoni na mikono yenye nazi. "Mimi?" alikuwa akiuliza. "Mimi nilikwenda? Mimi?" Tulimbembeleza mpaka akachoka. Kulipokucha hakukumbuka.

Wiki moja baadaye aliuliza tena, akiwa amekaa kwenye kigoda changu, jua limempiga magotini.

"Yule binti wa Likoni. Tunarudi kwao lini?"

Mama alinitazama kutoka mlangoni. Nilikuwa na brashi ya vanishi mkononi, na moyo wangu ulijikwaa, ukanyamaza, ukaendelea.

"Tutakwenda, baba," nilisema. "Mvua zikiisha."

"Vizuri," alisema. "Ni watu wenye heshima. Mwambie mamako alitoe lile koti lipigwe pasi." Akafikiri kidogo, akipima hewa kwa viganja vyake viwili. "Na kitanda chenu nitakitengeneza mimi. Usikubali kununua dukani. Kesho nikumbushe tutafute mbao za mvule."

Nilimwambia nitamkumbusha.